Kiingereza cha kuelezea picha: nilivyojifunza nikiwa Mtwara

Picha zinazoning'inia kwenye kibanda chetu hapa Shangani ni za mtindo wa Tingatinga, wanyama na mashetani kwa rangi za kung'aa, na huchorwa na mjomba wangu. Kazi yangu mimi ni kuuza, na huwezi kuuza picha ukiwa kimya. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilitosha kutaja bei na kusema "nice" na "beautiful", basi. Kwa mgeni anayewahi Msimbati kuogelea, hayo yanatosha. Ila wapo wanaosimama, wakainama, wakauliza kwa nini jicho la ndege limechorwa kubwa kuliko mguu wake. Hao ndio wanaonunua, na kwa ajili yao nikaanza kutafuta maneno. (Msimu wa korosho fedha huingia mjini, lakini fedha ya korosho hununua bati na sofa, si picha. Kwa hiyo wageni tunawahitaji.)

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa kukariri orodha ya sifa kutoka kwenye simu: "stunning", "amazing", "gorgeous", "wonderful". Zote zinasema kitu kimoja, kwamba picha ni nzuri, na hilo mteja analiona mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa na mwalimu mmoja mstaafu wa Ligula, aliyefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi. Sanaa ya uchoraji haijui wala hajifanyi kuijua. Nilimpelekea picha moja ya mjomba, akaitazama, akaniambia, "Mwanangu, habari ya uzuri iache kwanza. Niambie nani yuko wapi, anafanya nini." Nikakwama. Sikujua hata kusema kwamba mbuyu uko nyuma na nyati yuko mbele.

Tukaanza na mahali. Kilicho karibu na mtazamaji kiko "in the foreground", kilicho mbali kiko "in the background". Upande wa kushoto ni "on the left", juu ni "at the top", na kwenye pembe ni "in the corner". Sisi tunamaliza yote hayo kwa "kwenye", wenzetu kila mahali pana kihusishi chake, na hakuna njia ya mkato ila kuvizoea. Hata "kwenye picha" yenyewe ni "in the picture" ukizungumzia kilichochorwa, lakini rangi imepakwa "on the board".

Halafu vitenzi. Yanayotokea ndani ya picha husemwa kwa wakati uliopo, hata kama mchoraji alikufa zamani: "The woman is pounding maize." Habari za mchoraji ndizo zinazosemwa kwa wakati uliopita: "He painted it in 1970." Mwalimu alinisisitizia hilo mpaka nikaanza kuota kwa "is" na "are".

Zoezi lililonisaidia kuliko yote tulilianzisha nyumbani na mdogo wangu wa kidato cha tatu. Yeye anakaa ananipa mgongo, ana karatasi na penseli. Mimi natazama picha na kuieleza kwa Kiingereza, naye anachora anachosikia, si anachokijua. Tukimaliza tunalinganisha. Siku moja nikasema yangeyange yuko "above" nyati. Mdogo wangu akageuka: "Dada, huyo ndege anaruka au ametua?" Swali halali kabisa. Aliyetua mgongoni ni "on", anayepita angani ni "above" au "over". Karatasi ile ilinionyesha waziwazi ni neno gani sina. Sikuwa na la kusema mwili wa nyati umekatwa na ukingo wa picha, sikuwa na "overlapping" kwa majani yaliyofunikana, wala "facing" kwa swala wawili wanaotazamana. Kila lililokosekana lilikwenda kwenye daftari pamoja na sentensi yake. Neno tupu nilikuwa siandiki.

Picha za mjomba peke yake zisingetosha, kwa sababu hazina kivuli na nilihitaji maneno ya mwanga. Makumbusho makubwa kadhaa yameweka picha zake mtandaoni bure. Rijksmuseum ya Amsterdam ni mojawapo, na ile ya Metropolitan ya New York imefungua zake zisizo na hakimiliki tangu 2017. Mara nyingi chini ya picha kuna maelezo mafupi ya Kiingereza, yaliyoandikwa na watu wanaojua kazi yao. Nikawa nasoma hayo badala ya vitabu vya sarufi.

Iliyonifundisha zaidi ilitoka kwingine, nayo ni ya Claude Monet, Mfaransa, aliyoichora 1872: bandari ya Le Havre alfajiri. Mtu wa Mtwara haihitaji kutafsiriwa. Mbele kuna mtumbwi mweusi, nyuma yake mingine inayozidi kufifia, na kwa mbali milingoti na winchi ndani ya ukungu, na jua la rangi ya chungwa likijimwaga majini. Ilipoonyeshwa Paris 1874 mkosoaji mmoja aliichukua jina lake, "Impression", akalifanya dhihaka, na dhihaka hiyo ndiyo ikawa jina la kundi zima la wachoraji wale, "Impressionists".

Ukiwa na simu, jaribu hili. Igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Jua linakaribia kupotea! Linawaka kwa sababu rangi yake ni tofauti na anga, lakini kiasi chake cha mwanga kinakaribia kulingana na cha anga inayolizunguka. Ndipo nikaelewa kwa nini Kiingereza cha wachoraji kina "hue" kwa aina ya rangi, na "tone" kwa weupe au weusi wake. Kabla ya hapo niliyaona kama maneno mawili ya kitu kimoja. Hapohapo nikapata "warm" kwa nyekundu na jamii yake, "cool" kwa buluu na kijani, "blurred" kwa kisicho na mpaka, na "brushstrokes" kwa alama za brashi zinazoonekana.

Kuhusu vifaa kuna mtego ambao kila muuzaji wa picha za Tingatinga aujue. Mgeni akiuliza imechorwa kwa rangi gani, ulimi unataka kusema "oil", kwa vile dukani sisi huiita rangi ya mafuta. Lakini "oil painting" kwao ni rangi nyingine ya wasanii. Hii yetu ya kwenye kopo, ya kupaka milango na baiskeli, ni "enamel" au "gloss paint". Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mtu wa Tunduru, jirani zetu kabisa, aliitumia hiyohiyo juu ya hadibodi alipoanza kuchora Dar es Salaam 1968. Alikufa 1972. Siku hizi kila picha yetu ina kikaratasi nyuma, kwa mpangilio wa makumbusho: jina la mchoraji, jina la picha, mwaka, kisha "enamel on hardboard" na vipimo. Tangu niviweke, wanaobishana bei wamepungua.

Kingine ni "by" na "of". Ukisema picha ya George Lilanga, yule msanii wetu Mmakonde aliyechora mashetani, aliyefariki 2005, Kiswahili hakikusumbui. Kwa Kiingereza aliyoichora ni "by Lilanga", inayoonyesha sura yake ni "of Lilanga".

Kujadili ndiko kulikochelewa. Yapo maneno ambayo mgeni anayasema bila ubaya na wewe ukayasikia kama tusi. Mama mmoja aliitazama kazi ya mjomba akasema ni "flat". Nikamfikishia mjomba.

"Fleti? Anatafuta nyumba ya kupanga?"

"Hapana mjomba. Anasema haina kina, kila kitu kiko usawa mmoja."

"Sasa si ndiyo Tingatinga hiyo?"

Ndiyo hiyo, na mama yule alikuwa anaeleza mtindo tu. "Busy" nayo ni picha iliyojaa vitu, na "naive" ni jina la aina ya sanaa ya watu wasiopitia chuo. Nami hilo la mwisho silipendi, na nimejifunza kulikataa kwa adabu: "I see it differently," kisha naonyesha mstari mmoja uliochorwa bila mkono kutetereka. "To me" na "I find it" zimenisaidia kuliko sifa zote nilizokariri mwanzoni, kwa kuwa huwezi kuambiwa umekosea kuhusu unachokiona mwenyewe.

Picha za mashetani bado zinanitoa jasho. Mgeni anauliza "What does it mean?" na mjomba hataki kusema, ukimbana anajibu, "Shetani ni shetani." Hapo natumia "seems", "might be" na "as if": huyu anaonekana kama anacheka, yule huenda anamvuta mwenzake sikio. Namweleza mgeni kinachoonekana, halafu namuuliza yeye anaona nini. Wengine huongea kwa muda mrefu, mimi nikiandika daftarini.