Maji kwa Wanaolima

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tusome Mathayo 10:42, pale Bwana anaposema kwamba atakayemnywesha mmoja wa wadogo hawa angalau kikombe cha maji ya baridi, thawabu yake haitampotea. Aliyewahi kushika jembe saa saba mchana hahitaji kufafanuliwa mstari huo.

Jimmy Carter alilelewa Archery, kitongoji cha wakulima karibu na Plains, jimbo la Georgia, Marekani. Wengi tunamkumbuka kama rais, 1977 hadi 1981. Ila moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwapelekea vibarua maji ya kunywa shambani. Nyumbani kwao hapakuwa na umeme. Alipalilia, alichuma pamba, na angali mdogo aliuza karanga za kuchemsha mitaani Plains.

Tusidanganyane lakini: shamba peke yake halimfanyi mtu kuwa mtumishi. Katika mashamba hayohayo Weusi walitoka jasho kwa ujira mdogo na kubaguliwa hata kanisani, na baba yake Carter aliukubali utaratibu huo. Wengi walikulia pale wakatoka na mioyo migumu. Kijana huyu alikuwa na mama muuguzi, Lillian, aliyewahudumia majirani Weusi bila kujali minong'ono ya watu.

Tena kuna kisa cha 1953. Carter alikuwa ofisa wa jeshi la majini, yumo katika mpango wa nyambizi za nyuklia, akarudi nyumbani kwa kuwa baba yake alikuwa anakufa kwa saratani. Wageni wakafuatana kuja kumjulia hali mgonjwa, Weupe kwa Weusi, kila mmoja na lake la kusimulia: huyu aliwahi kusamehewa deni, yule mwanawe alinunuliwa nguo za mahafali. Mwana hakuwa na habari ya hayo yote. Akaacha cheo, akarudi kulima, japo mkewe Rosalynn hakutaka kabisa. Mwaka uliofuata ukame ukapiga, na faida ya mwaka mzima haikufika dola 300.

Nasita hapa kila ninapokisoma kisa hiki. Baba yuleyule aliyeshindwa kuwakalisha majirani zake Weusi mezani pake aliwasitiri kimyakimya. Sijui kama tumuite mwema au la, na nadhani Mungu hajatuachia sisi hukumu hiyo.

Kwetu, shule nyingi zimelifanya jembe kuwa adhabu. Aliyechelewa namba analima, aliyepiga kelele analima. Mtoto anahitimu akiamini udongo ni wa wakosaji, halafu tunashangaa kwa nini kanisani kipaza sauti kinagombaniwa na zamu ya usafi haina mtu. Carter, akiwa rais mstaafu na mwalimu wa shule ya Jumapili pale Maranatha Baptist, alikata nyasi za kanisa. Rosalynn alisafisha vyoo.

Na maji yakarudi maishani mwake. Mnyoo wa Guinea huingia mwilini kwa maji machafu ya kunywa, hukua mwaka mzima, kisha hutoka kwa kupasua ngozi, mara nyingi mguuni, na mara nyingi msimu wa kilimo, mkulima akashindwa kusimama. Hauna chanjo wala dawa ya kuutibu. Kinga yake ni kitambaa cha kuchujia maji na mtu mwenye subira ya kwenda kijiji kwa kijiji kufundisha. Mwaka 1986, Kituo cha Carter, shirika la hisani alilolianzisha na mkewe, kilipoanza kuongoza vita hiyo, wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5 kwa mwaka. Mwaka 2023 walihesabiwa 14 duniani. Uganda ilithibitishwa kuwa haina tena mnyoo huo mwaka 2009, Kenya 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022. Carter alifariki Desemba 2024, akiwa na miaka 100, mnyoo ukiwa bado haujakwisha.

Tuwaombee wiki hii wahudumu wa vijiji vya Chad na Sudan Kusini wanaoendelea na kazi hiyo. Na kwa jumuiya yetu: zamu ya usafi wa Jumamosi bado ina nafasi, jina anaandikisha mzee wa kanisa.