Vile niliamua kuhusu kazi ya Uingereza nikitafuta mapenzi ya Mungu

Watu huuliza sana mtu anajuaje mapenzi ya Mungu wakati ako na njia mbili na hakuna yenye ni dhambi. Wacha niseme venye mimi nilipitia, labda itasaidia mtu.

Mimi ni nesi hapa Nairobi. Tangu Kenya na Uingereza zitie saini ule mkataba wa wahudumu wa afya 2021, manesi wengi ninaowajua wamekuwa wakiwaza kwenda, na mimi pia nikafanya mtihani wa Kiingereza, ule wa OET, nikapita, interviu nikapita, ofa ikaja. Hapo katikati mamangu akapata stroki. Tukamtoa ushago tukamleta kwetu Kahawa West, upande wa kulia hausongi, kuongea ni neno moja moja. Mume wangu alitaka niende na alikuwa na sababu nzuri, tuna loni ya sacco, tuna karo, na huo mshahara ungetutoa mbali sana.

Sasa kwenye kesha moja mhubiri mgeni akaniwekea mkono akasema ananiona nikipanda ndege. Kanisa lote amina! Kuanzia hapo kila mtu akachukulia mambo imeisha. Mimi sidharau unabii, Paulo amekataza hiyo kwa 1 Wathesalonike 5:20, lakini mstari unaofuata anasema tujaribu mambo yote, kwa hivyo nikakaa chini na Matendo 21, pale nabii Agabo anachukua mshipi wa Paulo anajifunga nao miguu na mikono, anasema mwenye huu mshipi atafungwa hivi Yerusalemu. Unabii wa kweli kabisa. Ndugu kusikia hivyo wakaanza kumlilia Paulo asiende, na Agabo hakuwa amesema asiende, na Paulo akaenda. Nikaona kuonyeshwa kitu kitatokea si sawa na kuambiwa ufanye nini, na tena ufanye lini. Naweza panda ndege hata miaka kumi ijayo na huyo mtumishi awe alisema ukweli.

Dadangu naye akaniambia niweke ngozi kama Gideoni, yule aliweka ngozi ya kondoo nje usiku aone kama Mungu ataiweka umande, niombe ishara. Lakini soma Waamuzi 6 pole pole utaona Mungu alikuwa ameshamwambia aende akawaokoe Israeli huko mstari wa 14, ngozi imekuja baadaye. Hapo ndio nilijiuliza kitu nadhani tunaruka sana, kwamba mimi nimeshaambiwa nini tayari? Na mamangu ni mjane. 1 Timotheo 5:4 inasema watoto wa mjane wajifunze kwanza kutenda haki nyumbani kwao na kuwalipa wazazi wao. Nikamsomea mume wangu, akaniambia lakini pesa pia ni kumtunza, si tutaandika mtu wa kukaa na yeye. Na alikuwa sawa! Hiyo ndio ilikuwa ngumu, andiko lilinionyesha mzigo ni wangu lakini halikusema nitaubebea wapi.

Kuna asubuhi nilitoka shifti ya usiku ambayo tulikuwa manesi wawili wodi nzima, wagonjwa wengine wamelala wawili kitanda kimoja, na nikawa nimeamua naenda nyumbani kujaza fomu za Uingereza naondoka hii nchi. Mwenzangu Mkatoliki akanishika mkono pale stejini akaniambia, "Sista, leo usijibu barua yoyote." Akaniambia ni mafundisho ya Mtakatifu Ignasi wa Loyola, kwamba moyo ukiwa umevunjika na giza limekuingia usibadilishe kitu, ngoja utulie. Mimi si Mkatoliki lakini hiyo ilinisaidia kuliko mahubiri mengi. Nikaanza kuandika kwa daftari kila jioni moyo unataka nini na siku ilikuwaje, na baada ya muda ikaonekana wazi, hamu ya kwenda ilikuwa inapanda nikitoka shifti mbaya na nikipumzika inashuka, lakini ile ya kubaki ilikuwa pale pale hata siku nzuri.

Ushauri nao nilitafuta kwa mtu ambaye hapati wala hapotezi kitu nikienda. Kuna mama wa kanisani aliyemuuguza mzee wake miaka mingi, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Na mama mwenyewe amesema nini?"

Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Tulikuwa tunaongea juu yake kama hayuko.

Jioni nikimlisha uji nikamweleza yote, ofa, mshahara, mtu wa kumwangalia. Akashika kikombe na ule mkono wa kushoto akanyamaza sana. Kisha akasema, "Enda." Nikadhani amemaliza. Akavuta pumzi, "Lakini... nifike choo... kwanza."

Yaani hakutaka mgeni ndiye awe anamshika na kumpanguza. Nililia hapo hapo.

Usiku huo nilimweleza mume wangu, na nikamwonyesha 1 Wakorintho 16:12, Paulo anamsihi sana Apolo aende Korintho na Apolo anakataa kwa wakati huo, ataenda akipata nafasi, na Paulo hamwiti mwasi. Hakufurahi, siku kadhaa nyumba ilikuwa kimya, lakini baadaye yeye ndiye alisema tuombe pamoja kabla nitume ile barua ya kukataa. Nikaituma. Sikusikia sauti, lakini kesho yake nilienda kazini nikiwa mwepesi na sijawahi jutia.

Loni bado tunalipa, wikendi nafanya lokamu, yaani kazi ya kushikilia nafasi ya mtu, kwa kliniki. Mazoezi ya fizio tunafanya asubuhi na jioni, sasa mama anafika mlangoni akishika ukuta. Matokeo ya OET yanakaa miaka 2, kwa hivyo hiyo stori tutairudia tukiwa wote watatu, na yeye ndiye tutamuuliza wa kwanza.