Mlango wa gari unaokwama kwenye baridi: kumbukumbu ya mradi

Siku ya 1: kutambua kinachokwama

Mlango ni wa nyuma kushoto, sedani ya milango minne. Joto likishuka chini ya sifuri usiku, asubuhi haufunguki; jua likipanda unafunguka kama vile haujawahi kusumbua. Asubuhi nyingine unafunguka vizuri, halafu unakataa kushika.

Kishikio kikivutwa kwa springi yake ya kawaida, "tak" ikasikika ndani na mlango usisogee, kitasa kimeshaachia: kilichobaki ni raba iliyogandiana na bodi. Kishikio kikiwa kigumu, au kikibaki nje kimelegea baada ya kuvutwa, tatizo liko kwenye waya au kitasa. Mlango unaofunguka bila kushika, hapo ni grisi ya kitasa. Dalili zote tatu zimeonekana kwa asubuhi tofauti, kwa hiyo paneli ya ndani ya mlango lazima ifunguliwe.

Kwa asubuhi yenyewe, usianze kwa kuvuta. Ukiwa nje, sukuma mlango kuelekea ndani kwa kiganja, ukizunguka ukingo wote. Barafu ya kwenye raba ni utando tu, huvunjika kwa kubonyezwa. Kuning'inia kwenye kishikio cha plastiki wakati wa baridi kali ni kukitafutia kishikio kipya. Na maji ya moto yasimwagwe: kioo kinaweza kupasuka, na maji hayohayo yataganda upya ndani ya kitasa.

Siku ya 2: raba

Raba imeoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, hasa mikunjo ya chini ambako vumbi hushika maji. Ikauke kabisa kwanza, kwa sababu silikoni juu ya unyevu inaufungia unyevu humohumo. Silikoni hupuliziwa kwenye kitambaa, kisha raba inafutwa nayo. Ikitua kwenye bodi, siku gari litakapopigwa rangi upya rangi itaacha vishimo. Mlango ubaki wazi dakika 15.

Vaselini na oili ya injini hazifai hapa. Raba nyingi za milango ni EPDM, aina ya raba ya sintetiki, na EPDM hunyonya mafuta yatokanayo na petroli, ikavimba na kulegea.

Jaribio la karatasi: kipande chenye upana wa vidole viwili, funga mlango juu yake, vuta, rudia kila sentimita 15. Kila mahali karatasi ilikaza, isipokuwa kona ya juu ya nyuma, ilikochomoka yenyewe. Raba imelala pale. Kwa kuwa ina uwazi ndani, mrija laini wa silikoni wa milimita 5, urefu wa sentimita 20, umesukumwa ndani kupitia tundu la hewa ili uinyanyue. Ni kiraka cha muda tu.

Siku ya 3: paneli na maji

Kioo kimepandishwa juu kabisa, kisha waya hasi wa betri umetolewa na kuachwa robo saa, maana baadhi ya milango ina kihisi cha mifuko ya hewa. Skrubu mbili zimejificha, moja chini ya mkono wa kuvutia na nyingine nyuma ya kishikio cha ndani. Klipu zinaachia kuanzia chini.

Karatasi ya nailoni ya kuzuia maji, iliyo nyuma ya paneli, ilikuwa imebanduka upande wa chini, na matundu mawili kati ya matatu ya kutolea maji yameziba kwa tope. Maji kuingia ndani ya mlango kwa kupitia pembeni mwa kioo ni jambo la kawaida, ilimradi yatoke. Yakikaa, yanageuka mvuke, na mvuke hutafuta chuma baridi na kuganda juu yake. Kitasa ni chuma. Matundu yamezibuliwa kwa kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Waya wa chuma hukwangua rangi na kualika kutu. Kikombe kizima cha maji kilitoka.

Siku ya 4: kitasa kwenye friza

Kitasa kimetoka kwa skrubu tatu za nyota, T30. Ndani kuna vipande viwili muhimu: uma unaokumbatia kile chuma cha kwenye nguzo, na kijino kinachouzuia usirudi nyuma. Kila kimoja kina springi yake.

Badala ya kungoja usiku wa baridi, kitasa kimefungwa ndani ya mfuko mkavu na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 2. Kikitoka, kijaribiwe papo hapo, kabla umande haujakirukia. Sebuleni kijino kilikuwa kikiruka mara moja kinapoachiwa. Kutoka friza, kilirudi polepole mithili ya mtu aliyeamshwa, kikaishia nusu ya njia. Chini yake grisi ya zamani ilikuwa ya kahawia, ngumu kama nta. Springi ni nzima. Haina nguvu tu ya kuisukuma nta hiyo. Ndiyo sababu mlango haukushika.

Kusafisha: alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki, raundi tatu. Ile ya asilimia 70 ina maji ndani. Dawa ya kusafishia breki husafisha haraka zaidi, ila baadhi yake hula plastiki, na kitasa hiki kina swichi ndogo ya plastiki. Dawa ya kulegeza kutu, inayopendwa na wengi, italegeza kwa wiki chache, kisha vumbi litaganda juu ya mabaki.

Grisi mpya ni ya mafuta ya sintetiki, iliyoandikwa kuwa inafanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri: tone la ukubwa wa punje ya mahindi kwenye ekseli ya uma, nusu yake kwenye kijino. Friza tena saa 2: kijino kimeruka.

Siku ya 5: waya

Ni waya ndani ya ala, kama wa breki ya baiskeli, na unapopinda chini ndipo maji hukusanyika. Umening'inizwa wima, alkoholi ikasukumwa kwa bomba la sindano hadi ikatoka safi, ukakaushwa kwa hewa, kisha mafuta mepesi ya silikoni mililita 2 na kuvutwa mara 30. Ala haijapasuka, ingekuwa imepasuka, waya ungebadilishwa.

Siku ya 6: kurudisha

Kabla ya paneli, mlango ukiwa wazi, uma umefungwa kwa bisibisi: "tak" mbili, halafu kishikio kimeuachia. Uma usisahauliwe umefungwa, maana mlango ukibamizwa hivyo utagonga chuma cha nguzo na kupindisha kitu. Nailoni imebandikwa kwa gundi mpya ya butili, ncha yake ya chini ikiingia ndani ya mlango ili maji yatiririkie huko.

Siku ya 19

Usiku tatu za nyuzi 7 hadi 9 chini ya sifuri. Umefunguka na kushika kila asubuhi. Mara moja raba ilinata kidogo kwenye kona yenye mrija. Silikoni imerudiwa pale. Raba mpya imeagizwa. Mlango wa mbele kulia umeanza kurudisha kishikio polepole, na matundu yake ya chini ndiyo ya kwanza kuangaliwa.