Nilivyoisoma laga yetu kwa nondo

"Laga ni mchanga tu, chimba popote, maji yatatoka." Kila mgeni anayekuja huku kaskazini mwa Kenya huambiwa hivyo kuhusu laga, yaani mto wa mchanga unaopitisha maji wakati wa mvua tu, na bado hunikera nikisikia. Kwetu aliyeyasema ni mtu tuliyeletewa kama mtaalamu. Akatuelekeza tuchimbe pale laga ilipopanuka, karibu na barabara, ili gari lifike. Vijana walichimba kutwa nzima. Mchanga ulipoisha, tukakuta udongo wa mfinyanzi mkavu kama tofali. Wazee walikuwepo wamekaa pale pale chini ya mgunga, na hakuna aliyewauliza kitu.

Laga yenyewe ni ndogo, ramani nyingi haziichori. Inateremka kutoka milima ya Ndoto na kuingia Milgis, ile laga kubwa inayopita kati ya Ndoto na milima ya Mathews ikielekea jangwa la Kaisut. Maji hupita juu ya mchanga saa chache tu, na mara nyingi mvua imenyesha mlimani, huku bondeni jua linawaka. Mengine huzama. Jua la kiangazi hukausha kama sentimita 60 za juu. Chini ya hapo maji hayaguswi. Lakini hayakai kila mahali, kwa sababu sakafu ya laga haiko sawa. Ina mashimo na vizingiti vya mwamba, na maji hutulia nyuma ya kizingiti, upande yanakotokea.

Mimi nilitumia nondo ya milimita 16, ndefu kunishinda mara mbili. Fundi wa jua kali alinikatia vijino ubavuni kwa grainda, kimoja kila robo mita. Pamoja na nyundo nzito, sidhani nilimaliza shilingi elfu tatu. Unaipigilia katikati ya laga. Ikigonga mwamba inalia na nyundo inaruka mkononi. Ikiingia kwenye mfinyanzi, sauti inazimika. Halafu unaivuta wima, wala usiizungushe hata kidogo, maana ukiizungusha vijino vinamwaga vilichobeba. Ilaze chini uisome: jino hili mchanga mkavu, hili changarawe mbichi, la mwisho udongo. Niliandika kila kina kwenye daftari, kisha napiga hatua ishirini na kuanza upya.

Penye kona, chini ya mkuyu mkubwa, nondo ilizama zaidi ya mita tatu, na vijino vya chini vikatoka vinadondosha maji. Sijawahi kufurahia tope hivyo maishani. Mbele kidogo, kule maji yanakoelekea, ikakwama nusu mita tu, ikilia. Nikapima kutoka ukingo hadi ukingo, kote inalia. Mwamba unaikata laga yote pale, mchanga umeufunika tu, ukitazama kwa macho huoni kitu.

Mzee mmoja aliyekuwa akinifuata na fimbo yake akaniambia, "Mwalimu, hapo ndovu wanachimba tangu sisi ni watoto."

Kisima tulikichimba hapo hapo kwenye kona, upande wa ukingoni ili mafuriko yasikibebe, tukakijenga kwa pete za zege. Mchanga wa pale ni wa chembe kubwa, na huo hutoa maji karibu theluthi ya ujazo wake. Ule laini haufiki robo, kwa hiyo uusugue kati ya vidole kabla hujaamua. Birika la mifugo liwe mbali na kisima. Kina mama wanafika na punda asubuhi na kurudi mapema, na hilo ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Ukitaka kupima laga yako, pima Septemba, kabla mvua za Oktoba hazijaanza. Ukipima mara tu baada ya mvua, kila shimo litakuonyesha maji, na utachimba pasipofaa.