Printa inawaka, karatasi haitoki

Taa ya kijani, karatasi zimo, wino upo, lakini kila nikituma kazi kutoka kompyuta yangu ya Linux, kimya. Wengi hukimbilia kuifuta printa na kuisakinisha upya. Mimi naona huko ni kujichosha bure. Nikaandika kwenye terminali lpstat -p, amri inayoonyesha hali ya printa, jibu likaja: disabled, yaani imezimwa. Kumbe ErrorPolicy (mpangilio wa nini kifanyike hitilafu ikitokea) ya CUPS, programu inayosimamia uchapishaji kwenye Linux, ilikuwa imewekwa stop-printer, yaani simamisha printa, kwa hiyo hitilafu ndogo tu, hata kebo kulegea, huweza kusimamisha foleni nzima ya kazi, na kebo ikirudishwa foleni haiamki yenyewe. Kazi hupokelewa na kurundikana tu (kero kwelikweli!). Nikazifuta zote kwa cancel -a, kisha nikaiwasha foleni kwa cupsenable na jina la printa, nikatuma kazi upya. Ikanguruma palepale. Ikigoma tena nitafungua /var/log/cups/error_log, faili ambamo CUPS huandika hitilafu zake.