Vitumbua kung'ang'ania chuma: nilivyotatua

Kwa wiki tatu vitumbua vyangu viligoma kutoka kwenye chuma. Juu vinaumuka vizuri, nikitaka kugeuza, nusu inabaki chini imeng'ang'ania. Watoto walivila hivyo hivyo kwa kijiko, wakaviita bokoboko.

Niliongeza hamira, nikabadilisha mchele, nikapunguza tui, nikamwaga mafuta mpaka vikaogelea. Kilichobadilika ni chupa ya mafuta tu, iliisha.

Kumbe tatizo lilikuwa usafi wangu. Kila nikimaliza kupika nilisugua chuma kwa sabuni na waya mpaka king'ae, na ule weusi niliokuwa nikiukwangua ndio unaozuia kuganda.

Basi, ili kuurudisha ule weusi, nilikiosha chuma, nikakikausha kabisa juu ya jiko la mkaa, kisha nikapaka mafuta kila shimo na kuyafuta kwa kitambaa kikavu kana kwamba nilikosea kuyapaka. Hapo ndipo penye siri. Mara ya kwanza niliacha mafuta mengi, yakageuka gundi. Nikakirudisha motoni mpaka kikaacha kutoa moshi, nikarudia mara tatu.

Siku ya kupika, chuma hupata moto kwanza, ndipo mafuta, nusu kijiko cha chai kwa shimo, halafu uji. Sikigusi kitumbua mpaka kingo ziwe kahawia. Kikiiva, ukikisukuma kwa kijiti kinazunguka chenyewe.

Jana vilitoka vyote isipokuwa kimoja, nacho nilikigeuza mapema kwa pupa.