Homoni za jinsia na jeni kwenye damu: mradi umefika wapi

Kwa aliyeingia sasa: nachukua data za bure kutoka GEO, hifadhi ya data za jeni ya NCBI, kituo cha taarifa za biolojia cha Marekani, natafuta seti ambazo mtu mmoja kapimwa vitu viwili kwa mpigo. Kwanza homoni zake (testosteroni, estradioli, projesteroni), pili RNA ya damu yake, inayoonyesha jeni zipi ziko kazini na kwa nguvu kiasi gani. Nataka kuona kama hivyo viwili vinakwenda pamoja. Kazi yote naifanya kwa R, lugha ya programu ya takwimu, kwenye laptopu ya kawaida, na kupakua ni usiku, bando linapokuwa rahisi.

Seti za RNA zimejaa tele; zenye homoni ndani yake ndizo adimu. GTEx, mkusanyo maarufu wa RNA za viungo vya watu, nimeiweka pembeni. Watoaji wake wengi walikuwa wameshafariki damu ilipochukuliwa, na mimi nataka homoni ya mtu aliye hai, tena asubuhi kabla ya chai, maana testosteroni huwa juu asubuhi na hushuka mtu akishakula.

Ukaguzi wa lebo

Kabla ya kugusa homoni nilichora jeni mbili tu: XIST, ambayo huwaka kwa mwenye kromosomu X mbili, na RPS4Y1, iliyo kwenye kromosomu Y. Vikundi viwili vikajitenga vizuri, isipokuwa sampuli moja. Imeandikwa mwanamke, XIST yake karibu sifuri, RPS4Y1 iko juu kabisa. Yaani lebo ya jinsia haikubaliani na jeni. Nimeitoa. Si jambo la ajabu: mwaka 2016 watafiti waliopitia seti 70 za wazi waliona karibu nusu zina angalau sampuli moja ya namna hii. Kinachonishangaza ni kwamba ukaguzi huu ni mistari michache ya kodi, na bado watu hawaufanyi.

Wanawake wanaotumia vidonge vya majira nimewatenga pia. Estrojeni iliyo kwenye vidonge vingi hivyo ni ya kutengenezwa na kipimo cha estradioli hakiioni vizuri, halafu vidonge hupandisha SHBG, protini inayoshika testosteroni. Testosteroni iliyo huru ni kama asilimia 2 tu ya yote, kwa hiyo jumla peke yake inaweza kukudanganya.

Orodha iliyonikosesha usingizi

Nikapambanisha estradioli na jeni zote. Ni jeni kama 20,000. Kwa kigezo cha 0.05, yaani kukubali kosa la bahati mara 5 katika 100, zipatazo 1,000 zingetokea kwa bahati tu, kwa hiyo lazima kusahihisha wingi huo wa majaribio. Baada ya hapo ikabaki orodha nzuri: FCGR3B, CXCR2, CSF3R. Kwa anayezijua, hapo hapo anacheka. Hizo ni jeni za neutrofili, kundi kubwa la chembe nyeupe.

Damu ni mchanganyiko wa chembe. Kelele ya uwanjani ikipanda, huenda mashabiki wamepaza sauti, huenda wameingia wengine zaidi. RNA ya damu nzima haikwambii ni lipi. Na neutrofili huongezeka estrojeni ikiwa juu, mjamzito ndiye mfano wa wazi. Nilipoingiza makadirio ya idadi ya kila aina ya chembe kwenye modeli, yaani hesabu yangu ya takwimu, orodha ikanyauka.

Wengi wangesema basi ile ya kwanza ilikuwa uchafu. Mimi sikubali. Kama homoni ndiyo iliyoongeza neutrofili, basi hilo ni tendo la homoni, na ukiliondoa kwenye hesabu umefuta sehemu ya jibu. Testosteroni ni hivyo hivyo: hushusha hepsidini, homoni inayobana chuma mwilini, chuma kinapatikana zaidi, uzalishaji wa chembe nyekundu unapanda, na jeni za chembe hizo, kama ALAS2, zinapanda nao. Utaiita hiyo kelele? Kwa hiyo nabaki na majedwali mawili, kabla na baada ya kuingiza idadi ya chembe, na kila jeni naisoma kote kuwili.

Kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana aina ya jeni ya ACKR1 inayoondoa alama ya Duffy, protini ya juu ya chembe, kwenye chembe nyekundu, na neutrofili zao huwa chache ingawa ni wazima kabisa. Seti iliyochanganya watu wa asili tofauti inaweza kuonyesha tofauti ya ukoo ikajifanya homoni. Asili ya mtu sasa iko kwenye modeli.

Inayofuata

Mwaka 2014 kundi la Stanford lilionyesha kuwa wanaume wenye testosteroni nyingi walijibu chanjo ya mafua kwa unyonge zaidi, na katikati yake kukawa na kundi la jeni zinazohusika na mafuta mwilini. Nataka kuona kama kundi hilo linasimama kwenye jedwali langu la pili. Wakati huo huo napakua seti ya wanawake waliochukuliwa damu kabla na baada ya yai kupevuka. Hapo kila mmoja atalinganishwa na yeye mwenyewe, na suala la ukoo linaondoka lenyewe. Faili ni kubwa, limepakuliwa nusu.